Istilahi ya Uhusika katika Sarufi za Awali za Kiingereza

Sarufi ya kwanza ya Kiingereza iliyochapwa, ya William Bullokar (1586), ilifuata kiunzi cha sarufi ya Kilatini ya William Lily. Pamoja na kiunzi hicho ziliingia istilahi zake, ikiwamo uhusika, yaani badiliko la umbo la nomino kulingana na kazi yake katika sentensi. Wakati huo nomino za Kiingereza zilikuwa zimekwisha kupoteza karibu maumbo yote ya namna hiyo.

Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alipinga mazoea hayo. Kwa maoni yake, Kiingereza hutumia vihusishi pale Kilatini kinapotumia uhusika. Hoja hiyo (iliyoandikwa, ajabu, kwa Kilatini) ilimwachia tatizo moja: kiambishi -s katika neno kama “man’s”. Badala ya kukiri uhusika mmoja uliosalia, Wallis aliliita umbo hilo kivumishi cha kumiliki. Suluhisho hilo ni gumu kulikubali, lakini shaka yake ilikuwa na msingi. Katika “the king of England’s crown”, kiambishi kimeshikamana na England ilhali mwenye taji ni mfalme; mfumo wa Kilatini haukuwa na istilahi ya kulieleza jambo hilo.