Kutoka Mzumbe hadi Hombolo: Mafunzo na Uwajibikaji wa Madiwani Tanzania Bara

Mafunzo ya madiwani Tanzania Bara yana umri mkubwa kuliko uhuru wenyewe. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya serikali za mitaa huko Mzumbe, Morogoro, wakafundishwa humo machifu, watumishi wa mabaraza ya wenyeji na madiwani. Walioitwa kusoma, wengi wao, walimwajibikia mkuu wa wilaya, kwa kuwa mpiga kura alikuwa bado hajapewa nafasi. Mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1960 Dar es Salaam ilipata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye wapenzi wa ushairi wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi.

Pigo kubwa lilikuja na mpango wa Madaraka Mikoani. Kuanzia 1972 mabaraza yalivunjwa, na kazi zake zikahamishiwa kwa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Mwaka huohuo shule ya Mzumbe iliingizwa katika Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kwa hiyo diwani na shule yake waliondoka pamoja. Mijini madhara yalionekana haraka: takataka zilirundikana, mifereji ikaziba, kipindupindu kikazuka. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka 1978, na sheria namba 7 na namba 8 za mwaka 1982 zikaweka msingi wa halmashauri za wilaya na za miji zilizopo hadi leo. Majengo na mihuri vilipatikana tena. Uzoefu wa kuendesha baraza, ambao hupokezanwa kutoka kwa diwani mkongwe kwenda kwa mgeni, ulikuwa umekatika.

Hombolo, mkoani Dodoma, ndiko lilikotafutwa jibu: Chuo cha Serikali za Mitaa kilipewa sheria yake mwaka 1994. Mwaka uliofuata, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma iliwabana madiwani pia, wakatakiwa kutamka mali na madeni yao. Hata hivyo mwaka 1996, huduma na makusanyo ya Jiji la Dar es Salaam yalipodorora, serikali ililivunja baraza na kuweka tume iliyoongozwa na Charles Keenja hadi 2000. Tume ilikusanya mapato na kusafisha mitaa, sifa ambayo haina ubishi. Lakini kwa miaka hiyo yote mkazi wa Manzese hakuwa na diwani wa kumuuliza lolote, na kuvunja baraza hakumfundishi mtu kuliendesha.

Sharti la elimu kwa mgombea udiwani ni kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Sharti hilo ni la haki, maana kata huchagua mtu inayemwamini, awe mvuvi au mwalimu mstaafu. Ila mtu huyohuyo, baada ya kuapa, hukabidhiwa kabrasha nene lenye safu za makisio, mapato halisi na bakaa, mara nyingi siku chache kabla ya kikao. Mkurugenzi na mweka hazina, ambao hakuwachagua wala hawezi kuwafukuza, huzijua safu hizo kwa moyo. Asiyeweza kuzisoma hupitisha bajeti kwa kunyoosha mkono, kisha akirudi katani hana la kujibu.

Hapo ndipo semina elekezi inayotolewa baada ya uchaguzi inapopungua. Kanuni za vikao na maadili hufundishika kwa siku chache. Hesabu hazifundishiki hivyo. Upungufu huo huonekana wazi katika kikao maalumu cha kujadili hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, mkuu wa mkoa akiwa ameketi. Hoja moja hurudi mwaka baada ya mwaka: asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo marejesho yake husuasua. Diwani aliyefundishwa huomba orodha ya vikundi vya kata yake, tarehe ya mkopo na kiasi kilichorudi, na mkurugenzi hulazimika kuitoa mbele ya baraza zima.