Fani kama Tendo: Ngano ya Leeyo, kutoka kwa Hollis (1905) hadi Kitengela

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuifananisha fani na kikombe, na maudhui na chai iliyomo. Mfano huo una madhara hasa pale maadili yanapojadiliwa, kwani humwelekeza mhakiki moja kwa moja kwenye funzo, kana kwamba mpangilio wa maneno haustahili lawama wala sifa. Ngano moja ya Wamaasai, wenyeji wa Kajiado, inaupinga mfano huo waziwazi.

Ngano hiyo ilichapishwa na A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, katika kitabu chake kuhusu lugha na ngano za Wamaasai kilichotolewa Oxford mwaka 1905. Leeyo anaagizwa na Naiteru-kop kwamba mtoto akifa, aamuru kwamba binadamu afe na kurudi, nao mwezi ufe na kutokomea. Anafariki mtoto asiye wake. Leeyo anayageuza maneno: mwezi ndio urudi. Baadaye anafiwa na mwanawe wa kumzaa. Sasa anayatamka maneno kama alivyoagizwa, lakini anaambiwa kwamba amechelewa.

Leeyo hakuiba wala hakuua. Kosa lake lote limo katika sentensi moja ambamo nomino mbili zimebadilishana nafasi. Fani hapa haibebi maadili; ndiyo tendo lenyewe linalohukumiwa. Aidha, msimulizi hahitaji kumwita Leeyo mbinafsi. Tukio linarudiwa mara mbili, na tofauti ya pekee baina ya mara ya kwanza na ya pili ni mtoto ni wa nani. Hadhira inayoushika urari huo imekwisha kutoa hukumu kabla ya kuombwa.

Suala hili liliwashughulisha pia watunzi wa Uingereza ya karne ya 14. Katika Hadithi za Canterbury, ambazo Geoffrey Chaucer aliziacha bila kukamilika alipofariki mwaka 1400, yumo muuza vyeti vya msamaha wa dhambi anayejigamba kwamba huhubiri dhidi ya tamaa kwa sababu ya tamaa yake mwenyewe. Kisha anasimulia kisa kilichosukwa barabara: walevi watatu wanatoka kumtafuta Mauti wamuue, wanakuta dhahabu, na kwa ajili yake wanauana wote. Kisa hakina kasoro; kinywa kinachokitamka ndicho kilichooza. Leeyo wa mara ya pili yuko katika hali iliyo jirani na hiyo, kwani anayo maneno sahihi bila haki ya kuyatumia. Chaucer hatoi hukumu. Anawaacha mahujaji wagombane, na msomaji abaki na hadithi njema iliyotoka mahali pabaya.

Ulinganisho wa namna hii haupingani na waraka wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, uliotolewa Nairobi mwaka 1968. Waraka huo ulidai Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, na fasihi nyingine zisomwe kwa kuhusishwa nayo. Kumsoma Chaucer kwa kuanzia kwa Leeyo ni kuutekeleza.

Linalosalia ni suala la hadhira. Hollis alihifadhi maneno, lakini katika kurasa zake sauti ya msimulizi na ya wanaomjibu haisikiki. Naomi Kipury, katika mkusanyiko wake wa fasihi simulizi ya Wamaasai wa mwaka 1983, aliirejesha ngano katika maisha ya jamii inayoisimulia. Katika boma la Kimaasai, enkang', familia kadhaa huishi ndani ya ua mmoja. Watoto wanaoisikia ngano ya Leeyo humo ni wa wazazi mbalimbali. "Mtoto asiye wake" ameketi papo hapo, bega kwa bega na mwana wa msimulizi. Ngano inaitegemea safu hiyo ya wasikilizaji kama inavyoutegemea urari wake.

Hata hivyo, pasiwe na kutukuza mno. Ranchi za vikundi zilizoigawa Kajiado ziliundwa na sheria ya mwaka 1968. Hazikuwa urithi wa mababu. Ila ranchi ya Kitengela ilipogawanywa mwaka 1988, kila mwanachama alipata kipande chake. Vipande vingi vikauzwa, nyua zikaongezeka, na mji ukatanda kandokando ya barabara ya Namanga. Familia zilizokuwa zikishiriki ua mmoja zikaachana.

Mwanafunzi wa Kitengela anayeisoma ngano hii leo huisoma peke yake, kimoyomoyo, kisha mtihani humuuliza funzo lake. Akiandika kwamba ubinafsi ni mbaya, hupewa alama zote. Swali la mtoto wa nani alikuwa ameketi kando yake halimo katika karatasi hiyo.