Kipenyo cha Kibano

Usukani wa baiskeli hauna unene mmoja. Kwenye usukani ulionyooka, mahali pa kushika kwa mikono huwa na milimita 22.2, lakini katikati, shingo inapoubana, mara nyingi bomba hutanuka. Upana huo wa katikati, ukipimwa ukingo hadi ukingo kupitia kitovu cha duara, ndio kipenyo cha kibano. Wapo wanaosema “unene wa usukani”, nami sikubaliani nao. Mteja akiambiwa hivyo atapima penye mpira wa mkono, amletee fundi namba isiyo na kazi. Neno “kibano” linampeleka penye bolti.

Kwenye baiskeli nyingi za zamani zenye breki za fito, usukani na shingo vimeungwa pamoja, hivyo fundi hakuwa na sababu ya kuulizia kipimo hiki. Leo baiskeli za mitumba na za mbio humjia na shingo za kila namna. Milimita 25.4, yaani inchi moja, ni ya baiskeli nyingi za kawaida, 26.0 ni ya mbio za enzi zilizopita, kwa desturi ya Waitaliano, ingawa Cinelli walikuwa na 26.4 yao, na 31.8 ndiyo iliyoenea sasa. 35 ni ya milimani.

Hatari kubwa iko kati ya 25.4 na 26.0. Jicho halioni tofauti ya milimita 0.6, lakini shingo ya 26.0 hailishiki bomba la 25.4 sawasawa: ukiegemea usukani wakati wa kufunga breki, unazunguka. Ukizidi kukaza, shingo hupasuka. Tumia kalipa, usikisie.

Je, kipenyo kipana ndicho bora? Ukuta wa bomba ukibaki na unene uleule, kutoka 25.4 hadi 31.8 ukakamavu wake hukaribia kuongezeka mara mbili. Ndiyo maana watengenezaji huweza kupunguza ukuta na kupata wepesi. Lakini asiyeruka mawe milimani sioni atafuata nini kwenye 35.

Anayenunua shingo mpya achukue ya 31.8. Usukani wake wa zamani wa 25.4 bado utaingia kwa shimu, pete ya alumini iliyopasuliwa, yenye ukuta wa takriban milimita 3.2. Kinyume chake hakiwezekani. Shingo ya 25.4 haitanuliwi kwa bisibisi ipokee 31.8.