Juu ya nini kwetu kuna Wabatisti namna mbili? Kanisa, shule na feza ya Leta kule Masisi na Walikale



Hapa Kivu Kaskazini utakuta shule moja ina kibao cha 3e CBCA, nyingine 55e CEBCE. Zote ni za Wabatisti. Vijana wa Masisi na Walikale wananiuliza mara nyingi: kama ubatizo ni mmoja, juu ya nini makanisa ni mawili? Wazee wengine wanajibu tu, "Ni mambo ya zamani, muache." Mimi siwezi kuacha, kwa sababu ndani ya hayo mambo ya zamani kuna shule, na wengi wetu tulianza kusoma kwenye shule za kanisa.

Tuanze na imani yenyewe. Mbatisti habatizi mtoto mchanga. Mtoto analetwa mbele ya kanisa, anaombewa, basi. Akikua, akiamini mwenyewe, anafuata mafundisho, anaulizwa na wazee, kisha anazamishwa ndani ya maji mwili mzima. Ndipo anaitwa mshirika na kukaribia Meza ya Bwana. Tena mshirika si mtu wa kukaa na kusikiliza tu: mkutano wa washirika ndio unaamua mambo ya kanisa. Na jambo la nne ni la zamani sana: kanisa na serikali, kila mmoja abaki kwake. Mwingereza mmoja, Thomas Helwys, aliandika mwaka 1612 kwamba mfalme hana mamlaka juu ya roho za watu. Walimtia gerezani, akafia huko.

Hiyo imani ilifika kwetu kupitia Lubero. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Paul Hurlburt, mmisionari Mmarekani, alianza kazi Kitsombiro, kisha Katwa karibu na Butembo. Miaka ya 1940 kazi ile ikapokelewa na misioni ya Wabatisti wa Marekani iliyoundwa mwaka 1943, CBFMS. Kazi ikashuka kusini, Rutshuru, Goma, mpaka milima ya Masisi na pori la Walikale. Tusidanganyike kwamba ni wazungu peke yao waliipeleka. Kwenye vijiji vya Wahunde, Wanyanga, Watembo na Wakumu, mtu aliyekaa na watu kila siku alikuwa mwalimu-mwinjilisti mwafrika. Asubuhi anafundisha kusoma, jioni anafundisha Neno.

Sasa tufike kwenye feza. Kwa miaka mingi serikali ya Wabelgiji ilikuwa inasaidia shule za misioni za Wakatoliki wa Ubelgiji, na Waprotestanti hawapati kitu. Mwaka 1946 Brussels ikaamua kubadili, na kuanzia 1948 misioni za Kiprotestanti nazo zikaweza kuomba subsidi. Nyingi zilikubali. Wamisionari wetu Wabatisti walikataa. Sababu yao ilikuwa ile ya Helwys: ukila feza ya Leta, kesho Leta itakuja kuamuru ndani ya kanisa.

Kwa wazazi jambo lilikuwa na sura nyingine. Jirani Mkatoliki mtoto wake anasoma kwa mwalimu aliyefunzwa, anapata cheti, anakuwa karani ao muganga msaidizi. Mtoto wa Mbatisti anajua kusoma Biblia vizuri sana, lakini njia inaishia hapo. Mmisionari alishika kanuni yake, na bei yake ililipwa na mtoto wa kijiji. Hiyo ndiyo ilichoma watu roho.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, hasira ikatoka wazi. Wakristo wakongomani wakasema: kama mkutano wa washirika ndio unaamua, basi sisi ndio mkutano, na sisi tunataka shule. Muone vizuri hapo. Pande mbili zote zilisimama juu ya imani ya Kibatisti. Mmoja alishika utengano wa kanisa na serikali, mwingine alishika uamuzi wa washirika. Kanisa likapasuka. Upande mmoja ukawa CBK, ambayo leo ni CBCA. Upande uliobaki pamoja na wamisionari ndio CEBCE ya leo. Zile namba 3 na 55 ni namba za jumuiya ndani ya Kanisa la Kristo, mwavuli ambao sheria ya tarehe 31 Desemba 1971 iliwawekea Waprotestanti wote.

Halafu Mobutu akamaliza bishano kwa namna yake. Mwisho wa 1974 akachukua shule zote. Mambo yakaharibika, na mwaka 1977 akayarudishia makanisa uongozi kwa mkataba: kanisa linaongoza, Leta inalipa. Kwa hiyo leo Wabatisti wote, wa 3 na wa 55, wana shule za konvasio. Kile wazee walichogombania mpaka kupasuka, sasa wanacho wote.

Lakini Leta ililipa? Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi ndio walibeba prime ya walimu. Mwaka 2019 ikatangazwa masomo ya msingi ni bure, na mpaka leo walimu wanaoitwa NU wanajua ninachosema. Wamisionari waliogopa Leta italipa na kuamuru. Kwetu iliamuru pasipo kulipa.

Kuna jaribu lingine, lenye kutisha kuliko feza. Kati ya 1937 na 1955 wakoloni walileta maelfu ya Wanyarwanda kukaa Masisi. Watu wakaoana, wakauziana, wakaomba pamoja. Kiswahili ndicho kilituunganisha kwenye ibada. Machi 1993 vita vilianzia soko la Ntoto, Walikale, vikaenea Masisi yote, na jirani akamwinda jirani. Hapo unaona hatari ya kanisa la mkutano: kama kijiji kimegawanyika kwa kabila, mkutano nao unagawanyika, na hakuna askofu wa mbali wa kusema hapana.

Lakini kuna kitu hakikuvunjika. Wamama wanaendelea na likelemba na kutembelea wagonjwa. Msiba ukifika, washirika ndio wanachimba kaburi. Wakimbizi wa vita wakija, wanalala ndani ya madarasa, na mara nyingi dawati zinaishia kuwa kuni. Ilikuwa hivyo tena Masisi-centre ilipotekwa Januari 2025, na Walikale-centre Machi ileile.

Ndiyo maana naomba jambo moja. Ndani ya makabati ya parokia zetu kuna madaftari ya ubatizo na ya mikutano ya washirika: nani alibatizwa, nani alitengwa, shule ilifunguliwa lini, nani alitoa shamba. Nimeona watu ambao karatasi ya ubatizo ndiyo karatasi pekee inayosema walizaliwa wapi. Moto mmoja tu, na yote yameisha. Sisi wenye telefone na wakati wa vakanse, tuombe ruhusa kwa wachungaji, tupige picha kila ukurasa, tukae na wazee wa 3 na wa 55 pamoja, tuandike majina ya wale walimu-wainjilisti kabla wa mwisho wanaowakumbuka hawajaondoka.