Fungu la Zamu: Kipimo Kinachokosekana Tunapomjadili Gadi wa Chuo

Kila Juni, timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya katika drafti, swali la kwanza huwa lile lile: kijana huyu alikuwa akifunga pointi ngapi kwa mechi huko chuoni? Jibu lake hupatikana kwa urahisi, na kwa sababu hiyo hubebeshwa mzigo lisiouweza. Pointi za gadi ni zao la mambo mawili: timu ilimwachia amalize mashambulizi mangapi, na alifanya nini kila alipoachiwa. La kwanza huamuliwa na kocha, na udhaifu wa wenzake, na hata ukubwa wa chuo chenyewe. La pili ni lake zaidi. Wachambuzi wa Marekani wana kipimo cha hilo la kwanza, nacho hukiita usage rate. Anayefasiri neno kwa neno ataandika “kiwango cha matumizi”, na msikilizaji atajiuliza ni matumizi ya nini, ya fedha au ya umeme. Ninapendekeza tukiite fungu la zamu, na ninaamini kwamba bila kipimo hiki mjadala wowote kuhusu mustakabali wa gadi wa chuo unaegemea nusu ya ushahidi.

Nianze na zamu. Katika soka tumezoea kusema umiliki wa mpira, nao hupimwa kwa muda, asilimia 60 kwa 40. Katika kikapu kipimo cha namna hiyo hakitufikishi mbali, kwa sababu timu hupokezana. Moja ikifunga, nyingine inaanzisha kutoka chini ya goli lake. Moja ikikosa na mpinzani akadaka ribaundi, shambulizi limehama. Saa ya kutupa nayo inasukuma, sekunde 24 katika NBA na 30 katika vyuo, hivyo hakuna anayeweza kukaa na mpira apendavyo. Mechi inapoisha timu zote mbili huwa zimeshambulia karibu idadi sawa ya mara. Aliyewahi kucheza bao analijua jambo hili: unacheza mpaka kete zilale, kisha zamu ni ya mwenzako. Ndani ya kila zamu ya timu yupo mchezaji mmoja anayeimaliza, na kuna njia tatu za kuimaliza: kutupa mpira kikapuni, kwenda kwenye mstari wa mitupo huru, au kuupoteza mpira. Tunajumlisha mitupo yake ya kawaida, mitupo yake huru iliyozidishwa kwa 0.44, na mipira aliyopoteza. Kisha tunagawanya kwa jumla ya timu nzima katika dakika alizokuwa uwanjani. Hiyo 0.44 ipo kwa sababu mitupo huru mara nyingi huja miwili miwili katika zamu moja, na mingine huja kama nyongeza baada ya kikapu ambacho kimekwisha kuhesabiwa.

Neno fungu ndilo linalobeba hoja yangu. Fungu ni sehemu ya kitu kinachogawanywa, na likikua kwa mmoja limepungua kwa wengine. Wachezaji ni watano, kwa hiyo wastani ni asilimia 20. Anayekaribia 30 ndiye nguzo ya mashambulizi ya timu yake, na anayepita 35 ni nadra. Neno “matumizi” linaficha ugavi huo wote, kana kwamba kila mchezaji ana akiba yake anayoichota peke yake. Tukisema fungu, tunakumbushwa papo hapo kuuliza ni nani aliyenyimwa, na je, timu ilipata faida kwa kumnyima?

Drafti ya 2018 inatupa mfano mzuri kuliko yote ninayoijua. Trae Young wa Oklahoma aliongoza nchi nzima kwa pointi, 27.4 kwa mechi, na kwa asisti, 8.7 kwa mechi. Hakuna mchezaji aliyewahi kuongoza kwa vyote viwili katika msimu mmoja wa vyuo. Jalen Brunson wa Villanova alifunga 18.9, akatwaa ubingwa wake wa pili, na akatajwa mchezaji bora wa mwaka. Young alichaguliwa wa 5, Brunson wa 33. Sasa tuhesabu. Katika mechi 32 Young alitupa mara 618, akatupa mitupo huru 274 na kupoteza mpira mara 167. Hizo ni takriban zamu 906, zaidi ya 28 kwa kila mechi, na fungu linalozidi theluthi moja ya mashambulizi ya timu. Pointi zake zote zilikuwa 876, yaani chini kidogo ya pointi moja kwa kila zamu aliyoimaliza. Brunson alimaliza zamu 16 au 17 kwa mechi, fungu la karibu robo, na kila zamu ilimpa zaidi ya pointi 1.1. Ile tofauti ya karibu pointi tisa kwa mechi, iliyoonekana kubwa sana kwenye vichwa vya habari, yote ilitokana na wingi wa zamu. Kwa kila zamu, Brunson ndiye aliyekuwa mbele.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Young hakuwa kosa. Aligeuka kuwa nyota wa Atlanta, akaifikisha timu hiyo fainali ya Kanda ya Mashariki mwaka 2021, na katika msimu wa 2021–22 aliongoza NBA kwa jumla ya pointi na jumla ya asisti. Kama pointi kwa zamu zingekuwa hukumu ya mwisho, zingetupotosha kumhusu. Lakini mfano huu unaonyesha kwa nini fungu lazima litajwe. Dean Oliver, mmoja wa waasisi wa uchambuzi wa takwimu za kikapu, aliandika zamani kwamba kadiri mchezaji anavyobebeshwa zamu nyingi ndivyo faida ya kila zamu inavyoshuka, maana baada ya nafasi rahisi kwisha zinabaki ngumu: mtupo wa sekunde za mwisho za saa ya kutupa, mtupo mbele ya walinzi wawili. Young alikuwa akizichukua zote za Oklahoma, kisha bado akatoa asisti karibu tisa. Pointi 0.97 kwa zamu chini ya mzigo wa namna hiyo ni kazi kubwa, 0.97 chini ya asilimia 18 zingekuwa sababu ya kumwacha. Kwa Brunson swali lilikuwa la upande wa pili: je, faida yake ingebaki akiongezewa? Katika nafasi 32 za kwanza hakuna timu iliyothubutu kulijaribu. Dallas walimpa fungu dogo, akaanza na pointi 9.3 kwa mechi; New York wakampa kubwa kuanzia 2022, akafunga 24.0 msimu wa kwanza na 28.7 wa pili.

Kwa hiyo ushahidi wenye thamani kuliko wote ni ule wa gadi aliyewahi kucheza na mafungu mawili tofauti tungali tunamtazama, na hapa Stephen Curry anafundisha mengi. Msimu wa 2007–08 pale Davidson mpira aliushika zaidi Jason Richards, aliyeongoza vyuo vyote kwa asisti. Curry alikimbia bila mpira, akipokea na kutupa, na akafunga mitupo ya pointi tatu 162, rekodi ya msimu mmoja. Richards alipohitimu, Curry akawa mwendeshaji wa timu. Usahihi wake wa pointi tatu ulishuka kutoka karibu asilimia 44 hadi 39, asisti zake zikapanda kutoka 2.9 hadi 5.6, na pointi zikafika 28.6, za juu kuliko zote nchini. Waliotazama msimu wa mwisho pekee waliona gadi mwembamba anayetupa sana. Waliotazama yote miwili waliona mtu anayefaa akiwa na mpira na anayefaa bila mpira. Drafti ya 2009, ambayo Watanzania wanaikumbuka kwa sababu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis, ilimwacha Curry hadi nafasi ya 7, baada ya Minnesota kuchukua magadi wengine wawili mfululizo.

Mweke kando yake Jimmer Fredette wa BYU, aliyeongoza vyuo kwa pointi 28.9 mwaka 2011, karibu sawa kabisa na Curry, akachaguliwa wa 10. Sacramento hawakuwa na fungu la theluthi la kumpa mgeni, wala ulinzi wake haukuwashawishi wamvumilie, na msimu wa kwanza alipata pointi 7.6. Wengi walihitimisha kwamba mikono yake ilikuwa ya chuo tu. Mbona basi alipokwenda Shanghai, katika ligi inayomkabidhi mchezaji wa kigeni mashambulizi mengi, alirudi kufunga zaidi ya 37 kwa mechi? Mikono ilikuwa ile ile. Pointi zilifuata fungu, zikaondoka lilipoondoka na kurudi liliporudi. Kilichokosekana katika ushahidi wake wa chuo ni msimu ambao alilazimika kuwa na manufaa akiwa na zamu chache.

Kuna mapingamizi mawili juu ya jina lenyewe. La kwanza ni kwamba tungeweza kutohoa, kama tulivyotohoa gadi, ribaundi, asisti na drafti. Sina ugomvi na maneno hayo. Gadi ni bora kuliko mlinzi, ambaye kwa masikio ya mpenzi wa soka ni beki. Ila hayo yanataja vitu vinavyoonekana uwanjani, na mtazamaji hujifunza maana kwa macho. Fungu la zamu ni hesabu isiyoonekana. Jina lisilojieleza litaiacha mikononi mwa wachache. La pili ni zito zaidi: kipimo hiki hakihesabu asisti. Lonzo Ball alipokuwa UCLA alitoa asisti 7.6 kwa mechi na kila shambulizi lilipita mikononi mwake, lakini fungu lake lilikuwa la kawaida kwa kuwa wamaliziaji walikuwa wengine. Asikiaye zamu anaweza kudhani tunamaanisha nani anashika mpira. Dawa yake ni kusema kwa ukamilifu mara ya kwanza katika kila habari, “fungu la zamu anazomaliza”, kisha kufupisha. Watakaosema “umaliziaji” tu watakuwa wameingia shimo jingine, kwani umaliziaji kwetu ni sifa ya mfungaji hodari, ilhali mpira uliopotezwa nao umo katika hesabu hii.

Limebaki jambo ambalo fungu peke yake halilijibu, nalo ni ubora wa wapinzani. Damian Lillard alitoka Weber State na Ja Morant Murray State, vyuo vya makundi madogo, ambako theluthi ya zamu hupatikana mbele ya walinzi ambao wengi wao hawatacheza kwa kulipwa. Hapo mtathmini anapaswa kutafuta mechi chache ambazo fungu lilibaki kubwa na mpinzani akawa mgumu. Morant alikutana na Marquette mwaka 2019, akafikisha tarakimu mbili katika pointi, ribaundi na asisti, asisti zikiwa 16. Curry, Machi 2008, aliwafunga Gonzaga pointi 40, Georgetown 30 na Wisconsin 33, kabla ya Kansas, mabingwa wa mwaka huo, kumbana hadi 25 katika mechi waliyoshinda 59 kwa 57. Mechi nne ni sampuli ndogo, na mtakwimu mwaminifu atalisema hilo wazi. Lakini ni mechi ambazo kila kocha aliingia akijua zamu zitaishia kwa nani, akaandaa ulinzi wake wote juu ya mtu huyo mmoja, na watatu wa kwanza wakafungwa hivyo hivyo.