Mshahara, Kodi na Sauti ya Raia

Msomaji, usidhani ya kuwa mambo ya ulimwengu huwahusu wakubwa peke yao. Baada ya Vita Kuu vilivyokwisha mwaka 1918, biashara ya dunia iliyumba, na kufika 1921 bei ya kahawa na katani ilikuwa imeanguka. Walowezi wa Kenya wakaazimu kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Na huku kodi ya kichwa ilikwisha kupandishwa hadi shilingi 16.

Watu wa kawaida hawakusoma habari za masoko ya London, lakini hesabu waliijua: pato lapungua, kodi yazidi, nao hawana wa kuwasemea barazani. Harry Thuku, mfanya kazi wa simu, akawasemea. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika Nairobi kudai afunguliwe. Risasi zikapigwa, serikali ilitaja waliokufa 21, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwao.

Mwaka ule ule kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Basi, umsikiapo mchuuzi akijadili bei za dunia, usimcheke. Huenda anaijua hesabu hiyo kuliko wenye kuiandika, kwa kuwa yeye ndiye ailipaye.