LAMU: MJI ULIOISHI KWA KUNGOJA UPEPO

  

Ndugu msomaji, sisi wa Kedowa tumezoea njia ya reli na barabara. Reli ilipita huku kwetu ikielekea ziwani, ikafika Kisumu mwaka 1901. Basi leo tuangalie upande wa pili wa nchi, kwenye mji mdogo wa kisiwani ambao kwa karne nyingi njia yake ilikuwa bahari na dereva wake upepo. Mji huo ni Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Kaskazi na kusi

Kaskazi ilipoanza kuvuma mwisho wa mwaka, majahazi yalishuka kutoka Oman, Yemen na Ghuba yakiwa na tende, papa mkavu na mazulia. Kurudi haikuwa siku unayotaka wewe. Ilibidi wangoje kusi, inayoanza mnamo Aprili, ndio waondoke na boriti, ngozi, nafaka na pembe. Qur'an inatukumbusha kwamba Allah akitaka huutuliza upepo, na vyombo vikabaki vimesimama juu ya bahari. Watu wa Lamu waliyaona hayo kwa macho yao kila mwaka.

Miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyoujenga mji. Baharia aliswali safu moja na mwenyeji, akala naye, na wengine wakaoa hapo hapo. Nyumba zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikashikwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Mlangoni palikuwa na daka lenye baraza, mgeni akakaribishwa pale kwanza. Vichochoro ni vyembamba, kwa hiyo punda ndiye lori la mji: mawe, mchanga, magunia, yote mgongoni kwake. Huko Matondoni, upande mwingine wa kisiwa, mafundi waliunda majahazi kwa mikono.

Mkomani na Langoni

Lakini tusidanganyane. Nafaka iliyopakiwa majahazini ililimwa na watumwa kwenye mashamba ya bara, na utumwa ulikuja kufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mkomani, upande wa kaskazini, kulikuwa na majumba ya mawe ya waungwana. Langoni, kusini, wengi walikuwa wageni na wanyonge katika nyumba za makuti. Hata ilimu ilikuwa na wenyewe. Mtoto wa mtumwa hakutarajiwa kukaa darsani.

Hapo ndipo alipotokea Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, aliyehamia Lamu karne ya 19 ikielekea mwisho. Alikaa Langoni, akawasomesha wale wale waliodharauliwa. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa, lakini yeye hakuacha. Darsa zake ndizo zilizozaa Msikiti wa Riyadha na madrasa yake, na wanafunzi wakaja kutoka sehemu mbali mbali za Afrika Mashariki.

Funzo kwetu

Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa, na meli za leo hazingoji kusi. Majahazi ya Ghuba yamebaki historia, lakini darsa ya Langoni bado inaendelea.

Vijana wenzangu, huku kwenye chai Waislamu ni wachache. Na bado unasikia mtu akitengwa kwa kabila lake, au kwa kuwa ni mchuma chai, au ati "huyu amesilimu juzi tu." Tunafuturu naye sinia moja, halafu akitaka kujifunza alifu na be anachekwa. Je, hiyo si Mkomani yetu wenyewe?

Ramadhan hii, mwenye juzuu moja amfundishe asiye na sura. Asingoje jengo kubwa wala mfadhili. Habib Swaleh alianza na watu.

Allah atukubalie saumu zetu na atujaalie ilimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.